Kuitwa Taifa Stars: Uteuzi wa Wachezaji wa Timu ya Taifa Katika Miongo Iliyopita

Uteuzi wa wachezaji wa timu ya taifa hubeba maswali mawili. La kwanza ni nani mwenye kalamu ya kuandika majina. La pili ni wachezaji gani mwenye kalamu huyo amepata nafasi ya kuwaona. Vijiweni na magazetini Tanzania, swali la kwanza ndilo lililopigiwa kelele zaidi: kocha kapendelea Yanga, kiongozi kamwingiza mtu wake, kamati imemwekea kocha majina mezani. Historia ya Taifa Stars inaonyesha kwamba swali la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Mteuzi mwadilifu kabisa hawezi kumwita kijana ambaye hajapata kumwona wala kusikia habari zake, na katika nchi kubwa yenye barabara mbovu, simu chache na bila televisheni, wachezaji wa namna hiyo walikuwa wengi.

Kamati ya uteuzi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza. Kwao, kuchagua kikosi kulihesabiwa kuwa haki ya viongozi wa chama cha mpira, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuwafundisha watu aliokabidhiwa. Walter Winterbottom aliifundisha timu ya taifa ya Uingereza kuanzia 1946 hadi 1962 bila kuwa na mamlaka kamili juu ya kikosi chake. Katika Kombe la Dunia la 1950 nchini Brazil, timu iliyocheza na Marekani mjini Belo Horizonte ilipangwa na kiongozi wa chama, Arthur Drewry, aliyemwacha nje Stanley Matthews, winga aliyesifika kuliko wote zama zile. Uingereza ilifungwa bao 1-0. Alf Ramsey alipoajiriwa mwishoni mwa 1962 alitoa sharti kwamba yeye peke yake ndiye atakayechagua wachezaji, na miaka minne baadaye akatwaa Kombe la Dunia. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, kabla ya mabadiliko hayo. Vyama vya mpira vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Zanzibar vilirithi utaratibu wa zamani, wenye kamati juu na mwalimu chini yake, na vikaushikilia kwa muda mrefu baada ya wenyewe waliouanzisha kuuacha.

Mashindano yaliyozifanya nchi hizi ziwe na timu za taifa ni Kombe la Gossage. Lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, likadhaminiwa na kampuni ya sabuni ya William Gossage. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar ikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Mashindano yalichukua siku chache kila mwaka, kwa hiyo timu haikudumu. Iliundwa, ikasafiri, ikacheza, ikavunjwa. Wachezaji walikuwa makarani, makuli wa bandarini, askari, walimu na wafanyakazi wa reli, na kila mmoja alihitaji ruhusa ya mwajiri wake. Katika hali hiyo, urahisi wa kumpata mtu ulihesabika kama sifa. Aliyeishi Dar es Salaam au Tanga, karibu na ofisi za serikali na njia ya reli, alikuwa mbele ya mwenzake wa Songea kabla hata mpira haujaguswa. Hata hivyo Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, kisha tena 1964 na 1965. Wanaodhani kwamba soka ya nchi hii ilianza na ligi ya taifa wanapaswa kuikumbuka rekodi hiyo, kwa sababu karibu yote ilipatikana pasipo ligi ya nchi nzima, kwa wachezaji waliopatikana kupitia timu za majimbo.

Timu hizo za majimbo zilikutana katika Kombe la Sunlight, lililochukua jina la sabuni nyingine, na ambalo baadaye likawa Kombe la Taifa. Kenya nayo ilikuwa na Kombe la Remington kwa kazi hiyohiyo. Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Klabu za mjini zilicheza ligi ya wilaya. Wachezaji bora wa wilaya waliunganishwa kuwa kombaini. Kombaini za wilaya zilishindana, na kutoka humo ikaundwa timu ya jimbo, au ya mkoa baada ya uhuru. Timu za mikoa zilikutana kituo kimoja, na huko ndiko viongozi wa Chama cha Mpira wa Miguu Tanzania, FAT, walimu wao na waandishi wa habari walikokaa jukwaani na kuandika majina. Dar es Salaam ilikuwa na kombaini yake iliyoitwa Mzizima United, na kwa siku hizo chache wachezaji wa klabu hasimu za Simba na Yanga walivaa jezi moja.

Thamani kubwa ya ngazi hii ilikuwa kwamba kila hatua ilikuwa na mteuzi aliyeishi pale pale. Mtu aliyechagua kombaini ya wilaya ya Nachingwea aliwaona vijana wa Nachingwea mwaka mzima. Alijua nani hucheza vizuri siku ya mechi kubwa na nani hung'ara mazoezini tu, nani ana hasira, nani ni mtiifu. Taarifa hizo zilipanda ngazi pamoja na mchezaji. Mteuzi wa Dar es Salaam hakuhitaji kuizunguka nchi nzima, kwa sababu nchi ilimfuata kituoni ikiwa imekwisha kuchujwa na watu wenye macho. Mashuleni kulikuwa na ngazi kama hiyo, ya michezo ya shule za msingi iliyokuja kujulikana kama UMITASHUMTA na ile ya sekondari, UMISSETA. Kijana aliyefika kanda akiwa kidato cha tatu alikuwa tayari ameandikwa na watu kadhaa. Wachezaji wengi wa Stars wa miaka ya 1970 na 1980 walipitia huko kabla ya klabu kubwa kuwafahamu.

Ngazi ilikuwa na kasoro zake, na hazikuwa ndogo. Kombaini ya mkoa ilichaguliwa na viongozi wa mkoa ambao wengi wao walikuwa pia viongozi wa klabu. Mji mkuu wa mkoa ulizimeza wilaya nyingine. Mchezaji wa Handeni alipaswa kuwa bora mara mbili ya mchezaji wa Tanga mjini ndipo aitwe. Pia mashindano ya kituo kimoja yalimpa mchezaji mechi tatu au nne tu, na aliyeumwa malaria wiki hiyo alisubiri mwaka mzima. Ukilinganisha na kilichokuja baadaye, kasoro hizo zilivumilika. Katika miaka ya 1980 Tanzania Bara ilikuwa na mikoa 20, na kila mkoa ulikuwa na uhakika wa kuonyesha wachezaji wake mbele ya wateuzi wa taifa. Hakuna utaratibu mwingine uliowahi kutoa uhakika huo.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza akawa Sunderland ya Dar es Salaam, klabu iliyobadili jina kuwa Simba mwaka 1971. Ligi ilimpa mteuzi kitu ambacho Kombe la Taifa halikuweza kutoa, yaani mechi nyingi za ushindani kwa mchezaji yuleyule. Lakini ilivuta macho yote kuelekea mji mmoja. Kuanzia 1965 hadi 1974 mabingwa wote walitoka Dar es Salaam: Sunderland, Cosmopolitans, Yanga na Simba. Mseto ya Morogoro ilipotwaa ubingwa mwaka 1975 ilikuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Mchezaji mzuri wa mkoani alitambua haraka kwamba njia fupi ya kuitwa Stars ni kuhamia Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam wenye makao ya Simba na Yanga. Klabu mbili kubwa zikawa wakala wa timu ya taifa bila kupewa kazi hiyo na mtu yeyote, na wateuzi wakaridhika, maana iliwapunguzia safari.

Hapo ndipo malalamiko ya Simba na Yanga yalipopata nguvu. Kikosi chenye wachezaji wanane wa Yanga kiliwafanya mashabiki wa Simba waione Stars kuwa Yanga iliyovaa jezi ya nchi, na kinyume chake. Viongozi wa FAT, wengi wakiwa na mapenzi yanayofahamika, walijua kwamba orodha itasomwa kwa kuhesabu klabu kabla ya kuhesabu mabeki na viungo. Kikosi kikawa kinasawazishwa. Mizani hiyo ilituliza kelele za wiki moja na kuidhoofisha timu kwa miaka, kwa sababu nafasi zilizogawanywa kati ya klabu mbili ziliziba njia ya mchezaji wa klabu ya tatu. Golikipa hodari wa Mwanza hakuwa akishindana na golikipa mmoja wa Dar es Salaam. Alishindana na wawili waliowekwa pale ili kila upande uridhike.

Si haki kuzilaumu klabu hizo pekee, kwa sababu ndizo pia zilizofanya kazi ya kulea. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga, chini ya kocha kutoka Romania, Victor Stanculescu, ilikusanya vijana waliojulikana kama Yanga Kids. Mgogoro wa mwaka 1976 uliipasua klabu, na kundi kubwa la wachezaji wake likaenda kuunda Pan African, iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1982. Kwa timu ya taifa, mpasuko ule ulikuwa na faida ambayo haikupangwa. Ulizaa klabu ya tatu yenye wachezaji wa kiwango cha juu, na kwa miaka michache orodha ya Stars ikaacha kuwa mazungumzo ya watu wawili.

Msaada mwingine ulitoka kwenye mashirika ya umma. Azimio la Arusha la 1967 lilizaa viwanda na mashirika ya serikali nchi nzima, na mengi yaliunda timu: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma, RTC za mikoani, Mecco ya Mbeya, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi. Mchezaji aliajiriwa, akapata mshahara, nyumba na muda wa mazoezi, akabaki mkoani kwake. Soka ilikuwa ya ridhaa kwa maandishi, lakini ajira ya shirika ilikuwa ndiyo mkataba. Kwa mteuzi wa timu ya taifa hii ilimaanisha kwamba Mwanza au Dodoma palikuwa na timu ya ligi kuu yenye wachezaji wanaolingana na wa Dar es Salaam, wanaoonekana kila wiki. Ubingwa wa Tukuyu Stars mwaka 1986, timu kutoka mji mdogo wa Rungwe iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na ule wa Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, ni ushahidi kwamba vipaji vilikuwa vimetapakaa. Kilichofuata Tukuyu pia ni ushahidi: wachezaji wake walichukuliwa na klabu za Dar es Salaam, na timu ikaporomoka.

Orodha ilipokamilika ilisomwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mchezaji wa mkoani, redio mara nyingi ilitangulia barua. Jina likisomwa, mwajiri alitakiwa kutoa ruhusa, na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, liliipa ruhusa hiyo uzito wa kiserikali. Walioitwa kambini walikuwa wengi kuliko waliohitajika, labda 30 au 40, kisha ukafuata mchujo. Wateuzi walifikiri kwa namba za jezi: namba moja wawili, namba mbili wawili, hadi namba kumi na moja, na vikosi vya mashindano makubwa vya wachezaji 22 viliendana na hesabu hiyo barabara. Mfumo wa namba ulikuwa na ukali wake. Mchezaji anayemudu nafasi tatu kwa kiwango kizuri alipoteza mbele ya yule anayemudu namba moja kwa kiwango kizuri zaidi, na vizazi vyenye viungo wengi hodari viliwapoteza baadhi yao kwa sababu namba nane zilikuwa mbili tu.

Kambi yenyewe ilikuwa sehemu ya uteuzi kuliko inavyodhaniwa. Ilidumu wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kwa kuwa hapakuwa na kalenda ya kimataifa ya kuzibana klabu. Mwalimu aliwaona wachezaji wakila, wakilala na kukimbia asubuhi, akajua nani ana pumzi na nani ana jina. Wengi waliotoka mikoani bila kujulikana waliingia kikosini kwa mlango huu. Lakini kambi ndefu iliwatoa wale ambao mwajiri hakuwaachia, au wenye familia isiyo na mtu mwingine wa kuitunza. Posho ilikuwa ndogo na aliyeumia kambini alirudi kazini akichechemea. Uchaguzi wa timu ya taifa ya ridhaa ulikuwa pia uchaguzi wa nani anaweza kumudu kuichezea nchi, na ni jambo la kusikitisha kwamba majina ya walioshindwa kumudu hayakuandikwa mahali popote.

Walimu wa kigeni walikuja kwa mikataba ya urafiki kati ya serikali, kutoka Yugoslavia, Ujerumani Magharibi, Poland na kwingineko. Bert Trautmann, golikipa wa zamani wa Manchester City, alifanya kazi Tanzania katika miaka ya 1970 chini ya mpango wa misaada ya Ujerumani Magharibi. Mwalimu wa aina hii hakuwa Simba wala Yanga, na hilo lilimpa heshima. Lakini hakujua Kiswahili, hakuijua mikoa, na aliishi Dar es Salaam. Alitegemea wasaidizi wazalendo wamwambie nani yuko Tabora. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na taarifa zilikuwa za wengine. Msaidizi mwaminifu na mwenye upeo ndiye aliyeamua ubora wa kikosi, na sifa zilipogawanywa mara nyingi jina lake liliachwa nyuma.

Kikosi cha 1979 na 1980 kinaonyesha yote haya yakifanya kazi kwa pamoja. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa haba, na Stars ilipaswa kuiondoa Zambia ili kwenda Fainali za Mataifa ya Afrika. Baada ya ushindi wa bao 1-0 nyumbani, bao la Peter Tino mjini Ndola lilileta sare ya 1-1 na tiketi ya Lagos. Upande wa benchi alikuwepo Joel Bendera, mwalimu mzalendo aliyeijua nchi, pamoja na Slawomir Wolk kutoka Poland. Wachezaji walikuwa zao la ngazi zote: Simba, Yanga, Pan African na timu za mikoani, wengi wakiwa wamepita shuleni na kwenye Kombe la Taifa. Walikuwemo Juma Pondamali golini, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa katika ulinzi, Juma Mkambi, Mohamed Rishard Adolf na Thuwein Ally. Lagos, mwezi Machi 1980, walifungwa 3-1 na Nigeria na 2-1 na Misri, kisha wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria, Thuwein katika mechi mbili zilizofuata. Matokeo hayo yalionekana ya kawaida wakati ule. Ilichukua miaka 39 kwa Tanzania kurudi katika fainali hizo, Misri mwaka 2019.

Majirani walikuwa na mizani nyingine. Kenya, uzito ulikuwa kati ya klabu zilizobeba makabila: Gor Mahia ya Waluo na Abaluhya ya Waluhya. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980, Abaluhya ikawa AFC Leopards, lakini orodha ya timu ya taifa, Harambee Stars, iliendelea kusomwa kwa jicho la kabila. Kocha Marshall Mulwa alijibu kwa ushindi, akatwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Uganda ilifika fainali ya Afrika mwaka 1978 ikiwa na Phillip Omondi na wachezaji wa klabu za nyumbani, katika kipindi cha utawala wa Idi Amin ambapo timu za jeshi, magereza na polisi zilikuwa chemchemi kubwa ya wachezaji.

Nchi mbili zilikwenda mbali zaidi kwa mkono wa dola. Ghana ya Kwame Nkrumah iliunda klabu ya Real Republikans mwaka 1961 kwa kuchukua wachezaji bora wawili kutoka kila klabu kubwa, ili timu ya taifa iishi na kucheza pamoja mwaka mzima. Klabu zilinung'unika, Asante Kotoko ikiwa mbele, lakini Ghana ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 1963 na 1965. Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966 klabu ile ilivunjwa. Zaire ya Mobutu iliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji na kuwazuia wengine kuondoka. Kikosi kilichokwenda Kombe la Dunia la 1974 kilitoka chote katika klabu za ndani, zikiwemo Vita ya Kinshasa na Mazembe ya Lubumbashi. Kilikuwa kimetwaa Kombe la Afrika mwezi Machi mwaka uleule, huku Mulamba Ndaye akifunga mabao tisa. Njia hiyo ilileta maelewano makubwa uwanjani, na iliwanyima wachezaji haki ya kuuza kazi yao. Faida ya timu isilipwe kwa maisha ya mchezaji mmoja mmoja. Kwa kipimo hicho Zaire ilivuka mpaka.

Mchezaji wa nje ya nchi alikuwa tatizo la kanuni pia. Shirikisho la Afrika, CAF, mwaka 1965 liliweka ukomo wa wachezaji wawili tu kutoka klabu za nje ya bara kwa kila timu katika fainali za Afrika, na kanuni hiyo ilidumu hadi 1982. Kwa Tanzania haikuuma sana mwanzoni. Sunday Manara alipokwenda Heracles ya Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mtu wa peke yake. Baadaye wimbi la kweli lilielekea Arabuni, hasa Oman na Falme za Kiarabu, ambako undugu wa pwani na Zanzibar ulirahisisha mapokezi. Aliyeondoka, kwa kawaida, alipotea machoni pa wateuzi. Hapakuwa na fedha za tiketi wala njia ya kujua anacheza vipi. Kizazi cha miaka ya 1980 kilipoteza watu kwa namna hiyo, na nafasi zao zikajazwa na waliobaki.

Zanzibar ilihitaji hesabu ya pekee. Chama chake cha mpira ni cha mwaka 1926, na ilishiriki Kombe la Gossage kama nchi. Baada ya Muungano wa 1964, uanachama wa FIFA ulikuwa wa Tanzania, hivyo Taifa Stars ilipaswa kuwa ya pande mbili, huku katika Kombe la Chalenji Bara na Zanzibar zikicheza kila moja na timu yake. Mzanzibari alikuwa na timu mbili za kuzichezea, lakini kwenye Stars alichaguliwa na wateuzi wanaoishi ng'ambo ya bahari. Ligi ya Muungano, iliyoanza mwaka 1982, ilipunguza umbali huo kwa kuzikutanisha klabu za pande zote. KMKM na Malindi za Zanzibar ziliwalazimisha watu wa Dar es Salaam kuwatazama Wazanzibari kila msimu. Zanzibar ilipotwaa Chalenji mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya Bara kuitwaa, iligonga mlango ambao ulipaswa kuwa wazi zamani. Ligi hiyo ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, jukwaa la kuwaona liliondoka nayo. Nadir Haroub, Mzanzibari aliyekuja kuwa nahodha wa Stars, alionekana zaidi akiwa Yanga.

Miaka ya 1990 ilivunja ngazi. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na timu zao zikafuata. RTC na Mecco zilitoweka. Kombe la Taifa lilichezwa kwa kurukaruka, mwaka huu likiwepo, mwaka ujao halipo, kutegemea mdhamini. Michezo mashuleni ilifika mahali ikasitishwa. Migogoro ndani ya FAT ilifanya kalamu ya uteuzi ipite mikono mingi, na makocha wakabadilishwa kabla ya kuwajua wachezaji wao. Soka ya wanawake iliingia wakati huohuo mgumu: timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, iliyofika fainali za Afrika za 2010 nchini Afrika Kusini, iliundwa kwa sehemu kubwa kutoka timu chache za Dar es Salaam, kwa sababu wasichana hawakuwahi kujengewa ngazi ya mikoa hata katika siku zake nzuri.

FAT ikawa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, mwaka 2004, na rais wake akawa Leodegar Tenga, beki wa kikosi cha Lagos. Mwaka 2006 serikali ya Jakaya Kikwete iligharamia kocha kutoka Brazil, Marcio Maximo, na kwa mara ya kwanza umma ulikubali waziwazi kwamba kikosi ni cha kocha. Maximo alitumia mamlaka hayo hadi ukomo. Aliwaacha nje wachezaji wenye majina makubwa Kariakoo, akiwemo golikipa Juma Kaseja kwa muda mrefu, akaita vijana, na hakurudi nyuma magazeti yalipomshambulia. Stars ilifuzu fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Ivory Coast 2009. Swali la nani mwenye kalamu likawa limejibiwa. Lakini kocha huyo, na waliomfuata, walichagua kutoka ligi kuu ya klabu chache, nyingi zikiwa za Dar es Salaam na miji michache mingine. Tangu mwisho wa 2013 Azam TV imeifanya ligi hiyo ionekane nchi nzima na ng'ambo, na mteuzi anaweza kurudia mechi ya Mbeya akiwa ofisini. Ligi za wilaya na mikoa, ambako wateuzi wa Nachingwea na Handeni walikuwa wakiandika majina, hazina kamera, na kombaini zake hazina tena kituo cha kupeleka wachezaji.